Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nyimbo za pop, fanki na sinthipop za wikiendi ya kujilaza

Haya ni maswali ambayo majirani, wafanyakazi wenzangu na wadogo zangu wa hapa Dodoma wananiuliza kila Ijumaa ikifika, wengine kwa meseji wengine wananisimamisha njiani kabisa, nimeona bora niyajibu yote sehemu moja.

Wimbo wa wikiendi ya kujilaza ni upi hasa?

Kwangu mimi ni ule ambao haukulazimishi uinuke ila mguu unacheza wenyewe. Yaani umejitupa kwenye kochi au kwenye mkeka, pazia umeshusha sababu jua la Dodoma halina mchezo, na kidole gumba cha mguu kinafuata biti bila kukuomba ruhusa. Sasa kinachofanya hivyo mara nyingi ni besi. Watu wengi wanasikiliza muimbaji tu, ila jaribu siku moja kumuacha muimbaji aimbe zake wewe umfuate mpiga besi mwanzo mpaka mwisho, utaona wimbo unaoujua miaka yote unakuwa mpya kabisa.

Cha pili ni kasi. Ukihesabu mapigo kwa dakika, nyimbo za kujilaza zinakaa kati ya 65 na kama 120 hivi, zaidi ya hapo mwili unaanza kutaka kazi. "Easy" ya Commodores iko kama 66, "Lovely Day" ya Bill Withers kama 98, "Get Lucky" ya Daft Punk kama 116. Halafu sasa "Blinding Lights" ya The Weeknd iko 171! Wimbo mtamu sana ule ila usiuweke saa nne asubuhi mtu ndo anafungua jicho.

Fanki na sinthipop si vitu viwili tofauti? Mbona unavichanganya?

Asili ni tofauti kweli. Fanki ni ya Wamarekani weusi, katikati ya miaka ya 60, na mtu wa kumtaja kwanza ni James Brown. Sikiliza "Papa's Got a Brand New Bag" ya 1965 halafu "Cold Sweat" ya 1967, utasikia uzito wote kautupa kwenye pigo la kwanza, na kila chombo kimegeuka ngoma, gitaa linapiga kama ngoma, tarumbeta zinapiga kama ngoma, hata sauti yake mwenyewe. Sinthipop imekuja baadaye, Ulaya, Wajerumani wa Kraftwerk wakiwa mbele na "Autobahn" 1974 na "The Model" 1978, halafu vijana wa Uingereza mwishoni mwa miaka ya 70 wakapata sinthesaiza (vinanda vya umeme vinavyotengeneza milio yake vyenyewe) za bei nafuu kidogo na wakaanza kutengeneza pop bila gitaa hata moja.

Ila zilikutana mapema kuliko watu wanavyodhani. Herbie Hancock kwenye "Chameleon" ya 1973, ile besi nzito inayoanza peke yake siyo gitaa la besi, ni sinthesaiza ya ARP Odyssey. Bernie Worrell wa Parliament kwenye "Flash Light" ya 1977 kafanya besi yote kwa sinthesaiza ya Minimoog. Kwa hiyo watu wa fanki walikuwa wanatumia mashine hata kabla vijana wa Uingereza hawajapata umaarufu, na ndo maana ukizipanga pamoja haziumizi sikio, besi ndo daraja.

Jumamosi asubuhi nianze na nini?

Jumamosi asubuhi Dodoma ni kufua. Miezi ya Juni mpaka Agosti upepo unavuma na maji ya bomba ni ya baridi mpaka vidole vinauma, kwa hiyo unataka kitu cha kukupasha taratibu. Naanza na "Lovely Day" ya 1977. Ukifika mwishoni kuna sehemu Bill Withers anaishikilia noti moja sekunde 18 bila kuvuta pumzi, na chini yake besi inapanda na kushuka kama haina habari. Nyumbani kwetu watoto wanajaribu kushindana naye, mikono ndani ya beseni, mapovu mpaka kwenye viwiko, mpaka leo hakuna aliyefika mwisho.

Baada ya hapo "Easy" ya Commodores, ya 1977 pia, Lionel Richie huyo kabla hajatoka kivyake. Wengine wananiambia hiyo ni ya Jumapili kwa sababu Jumapili imetajwa kwenye kiitikio, sawa, hata Jumapili ipigeni. Halafu "Rock With You" ya Michael Jackson, 1979, aliyoiandika Rod Temperton, Mwingereza. Ule wimbo ni laini sana ila dramu zake zimekazwa vizuri, ukifika hapo nguo zimeshaanikwa na supu ya mbuzi imeshaagizwa.

Mchana wa jua kali je?

Hapo ndo pa fanki yenyewe. "September" ya Earth, Wind & Fire ya 1978 kila mtu anaijua, "Get Down On It" ya Kool & the Gang ya 1981 nayo, ila mimi nataka uijue "More Bounce to the Ounce" ya Zapp, 1980. Roger Troutman ana kifaa kinaitwa tokiboksi, kinapitisha sauti ya kinanda kwenye mpira mwembamba mpaka mdomoni, kisha anaumba maneno kwa mdomo wake, kwa hiyo unasikia kinanda kinaongea. Siyo kompyuta ile, ni mdomo wa mtu. Wale wanaopenda rapu ya Marekani ya magharibi ya miaka ya 90 wataitambua ile biti sekunde ya kwanza tu maana ilichukuliwa na kurudiwa sana.

Stevie Wonder na "Superstition" ya 1972 pia usiache, ile sauti ya kukwaruza mwanzoni ni kinanda kinaitwa klavineti, na ile dramu ya kwanza kabisa kapiga yeye mwenyewe.

Mbona Prince hayumo kwenye orodha yako?

Yumo, ila jioni. "When Doves Cry" ya 1984 haina besi kabisa, aliitoa makusudi, na wimbo ukashika namba moja Marekani. Ni kazi ya mtu mwenye kipaji cha ajabu, lakini bila besi mchana wa joto unaelea hewani tu, unataka utulie uusikilize kwa hedifoni.

Sinthipop sijawahi kusikiliza, nianzie wapi?

Anza na "Sweet Dreams" ya Eurythmics, 1983. Ile ni shule nzima ndani ya wimbo mmoja. Annie Lennox na Dave Stewart walikuwa hawana hela, wakarekodi na mashine ya treki 8 darini, kwenye jengo la kutengenezea fremu za picha huko London, na kuna mlio fulani unagonga katikati ni chupa za maziwa zimejazwa maji kwa viwango tofauti. Chupa za maziwa jamani! Vijana wangu mnaorekodi kwenye vyumba vya kupanga Nkuhungu na Chang'ombe mkisema hamna studio, kaeni na huu wimbo kwanza.

Halafu panda na "Don't You Want Me" ya Human League ya 1981, "Everybody Wants to Rule the World" ya Tears for Fears ya 1985, na "West End Girls" ya Pet Shop Boys ambayo karibu yote anaongea tu juu ya biti, na besi yake ni tamu kuliko maelezo yangu. "Blue Monday" ya New Order ya 1983 ni ndefu, dakika 7 na nusu karibu, ule mguno wa dramu wa mwanzo ni mashine ya Oberheim DMX. Hiyo weka ukiwa unapiga pasi, maana usipokuwa na kazi mkononi unaweza kuiona ndefu.

Na "Take On Me" ya a-ha wa Norway. Toleo la kwanza la 1984 halikwenda popote nje ya Norway, wakarekodi upya na prodyuza Alan Tarney, ikatoka na ile video ya michoro ya penseli na mwaka 1985 ikawa namba moja Marekani. Kasi yake ni kubwa, iko kama 169, kwa hiyo nakushauri uifanye ya kuamshia watu waliolala baada ya kula.

Kiingereza sielewi vizuri, nitafurahia kweli?

Utafurahia sana. Kile kiitikio cha "September" kina silabi zisizo na maana yoyote. Mwandishi mwenzake Maurice White wa Earth, Wind & Fire, dada Allee Willis, alimbembeleza abadilishe aweke maneno ya kueleweka, Maurice akakataa, akasema maneno yasiingilie mdundo. Na miaka yote hii harusi kwa harusi watu wanaimba hizo silabi kwa nguvu zote. Ukielewa maneno ni nyongeza nzuri, usipoelewa besi itakutafsiria kinachotosha.

Mama mkwe kaja kutusalimia, niweke nini asikasirike?

Shikamoo kwanza, muziki baadaye. Akishakaa na kupata chai, weka Bill Withers, Stevie Wonder, na Earth, Wind & Fire, sauti ndogo. Hawa hawana matusi na wana vyombo vya kupigwa kwa mkono, wazee waliokulia kwenye dansi wanavipenda vyombo hivyo, wanasikia gitaa la ridhimu likikaa mahali pake wanatingisha kichwa. Mama mmoja wa Kondoa niliyemuwekea "Lovely Day" aliniuliza huyu kijana anaimba bendi gani. Prince na zile fanki za mahaba mazito ziache mpaka wageni wamesindikizwa stendi.

Waafrika wenzetu hawakufanya muziki huu?

Walifanya, na wengine vizuri kuliko walikotoka wenyewe! Hapa nitaongea kidogo maana panaumiza kuona vijana wanajua majina yote ya Uingereza na hawajui ya hapa.

Brenda Fassie wa Afrika Kusini na kundi lake la Big Dudes, "Weekend Special", 1983. Sinthesaiza tupu, besi ya mashine, na sauti ya binti mdogo iliyojaa uchungu. Watu wanaiweka kwenye sherehe za wikiendi kwa sababu ya jina lakini sikiliza anachosema, ni mwanamke amechoka kukumbukwa wikiendi tu. Analalamika na wewe unacheza, na wimbo unabeba vyote viwili bila kuyumba. Yvonne Chaka Chaka akaja nyuma yake miaka hiyo hiyo, "Umqombothi" ya 1988 ukiiweka Majengo sokoni hata leo kuna mtu ataitikia.

Nigeria kulikuwa na William Onyeabor, mtu wa Enugu, kati ya 1977 na 1985 alitoa albamu zake mwenyewe zilizojaa sinthesaiza, nyimbo za dakika kumi zinazokwenda kwa mwendo mmoja bila haraka, kisha akaokoka, akaachana na muziki huo na hakutaka tena kuuongelea. Dunia ya nje ilimjua vizuri baada ya mkusanyiko wa nyimbo zake kutoka 2013, akafariki 2017. Ukijilaza Jumapili mchana na "Fantastic Man" huwezi kuamini kwamba ni mwisho wa miaka ya 70. Cameroon mtafute Manu Dibango na "Soul Makossa" ya 1972, saksafoni na fanki, disko za Marekani ziliipiga mpaka basi.

Na sisi Watanzania tumo?

Tumo pakubwa. Freddie Mercury wa Queen alizaliwa Zanzibar, 1946, hilo wengi mnalijua. Wasichojua wengi ni kwamba "Another One Bites the Dust" ya 1980 ni fanki kabisa, John Deacon ndiye aliyeiandika, na besi yake imetokana na kuwasikiliza Chic, kundi la disko na fanki la Marekani. Michael Jackson ndiye aliwaambia Queen waitoe kama singo. Huyo huyo Michael kwenye "Liberian Girl" ya 1987 kafungua na maneno ya Kiswahili, aliyeyasema ni Letta Mbulu wa Afrika Kusini. Na aliyepiga dramu za "Billie Jean" ni Mmarekani aliyejiita Ndugu Chancler. Nikimwambia mtu hivyo anacheka anadhani natania, lakini ndo jina lake la kazi mpaka alipofariki 2018.

Ila mimi mtu wa Dodoma najivunia zaidi wa hapa kwetu. Patrick Balisidya, mtoto wa Mvumi, na bendi yake ya Afro 70, alikuwa na gitaa na kinanda vyenye soul na fanki ndani ya Kiswahili, akaenda mpaka kushirikiana na Waswidi wa bendi ya Archimedes kwenye albamu ya "Bado Kijana". Wengi wanamjua kwa "Harusi" tu, rudini nyuma mkamsikilize vizuri. Na mzee Hukwe Zawose, Mgogo wetu, mtu wa zeze na ilimba (ile ya vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba), mwanzoni mwa miaka ya 2000 alitoa "Assembly" pamoja na Michael Brook wa Kanada, ilimba ikakutana na magitaa na vyombo vya umeme. Siyo sinthipop ile na sitaiita hivyo, lakini mtu aliyekulia kwenye mdundo wa Kigogo, ule wa kujirudia na kujirudia huku kitu kidogo kikibadilika ndani, atazielewa Kraftwerk na New Order haraka kuliko anavyofikiri.

Kuna mpya au zote za wazee?

Zipo. "Get Lucky" ya 2013, gitaa ni la Nile Rodgers wa Chic mwenyewe. "Uptown Funk" ya Mark Ronson na Bruno Mars, 2014. "Don't Start Now" ya Dua Lipa ya 2019 ina besi ambayo ingeweza kutoka 1979 na hakuna ambaye angeshangaa. "Leave the Door Open" ya Silk Sonic, 2021, ya polepole, ya wapendanao, hiyo weka jioni mkiwa wawili na zabibu zenu.

Nitumie sabufa au hedifoni?

Fanki sabufa, sinthipop hedifoni, hiyo ndo kanuni yangu. Sinthipop ina vitu vingi vidogo vinavyopita kulia na kushoto, kwenye sabufa vinapotea. Sabufa nayo usiibandike kwenye kona ya ukuta, kona inavimbisha besi inakuwa mngurumo tu, isogeze mbele kidogo halafu punguza kitufe cha besi mpaka usikie noti moja moja. Ukisikia bati linatetemeka au vioo vya dirisha vinalia, tayari umezidisha, na jirani ana mtoto mchanga.

Bando langu dogo, nifanyeje?

Sikiliza sauti tu, achana na video. Saa moja ya muziki kwa ubora wa kilobiti 128 kwa sekunde inakula kama MB 58, ukipandisha mpaka 320 ni MB 144, video inakula mara kadhaa ya hapo. Pakua mara moja ukiwa sehemu yenye waifai halafu wikiendi nzima zima data. Flashi nayo haijafa, na umeme ukikatika redio ya betri yenye tundu la flashi inaokoa siku.

Jumapili jioni naanza kuwaza kazi ya Jumatatu, kuna dawa?

Wenzangu mnaoamkia Mtumba kwenye ofisi za serikali nawaelewa sana, saa kumi na mbili jioni roho inaanza kwenda kwenye daladala. Usiweke nyimbo za kuruka, unajidanganya. Weka "Only You" ya Yazoo, 1982, sinthesaiza chache tu na sauti ya Alison Moyet yenye joto, halafu "Enjoy the Silence" ya Depeche Mode, 1990. Piga nguo zako pasi wakati zinaenda.

Singeli je, mbona umeiacha?

Singeli naipenda, lakini inapita mapigo 200 kwa dakika. Kujilaza na singeli haiwezekani.

Kama nina nafasi ya wimbo mmoja tu?

"Good Times" ya Chic, 1979, na tafuta ile ndefu ya kwenye albamu ya "Risqué", dakika 8, usikubali ile fupi ya redioni. Ile fupi inaondoa utamu wenyewe. Kwenye ndefu, katikati vyombo vinaondoka kimoja kimoja mpaka anabaki Bernard Edwards na besi yake, dramu na makofi. Hapo ongeza sauti. Besi inapiga noti tatu nzito zinazofanana, inanyamaza kidogo, halafu inatembea kupanda, na kila ikirudi unaona kama kaisogeza kidogo sana. Kisha gitaa la Nile Rodgers linaingia likikwaruza kwa juu, vinanda vinafuata, vayolini zinafuata, na kundi zima limerudi kabla hujajua limerudi saa ngapi. Ile besi ndiyo iliyopigwa upya kwenye "Rapper's Delight" mwaka huo huo, kwa hiyo hata rapu kwenye redio imeanzia humo.

Weka kabla ya chakula cha mchana. Ukisubiri mpaka umeshiba ugali wa uwele na mlenda utasinzia kabla besi haijabaki peke yake.